Namba Isiyo na Kizio: Kuweka Vipimo Sawa katika Programu za Kuchorea kwa Kompyuta

Muuguzi akiombwa kuleta "namba kumi na nane", huuliza kwanza: ya nini? Katheta ya mkojo yenye namba 18 ina kipenyo cha nje cha milimita 6, kwa kuwa katika kipimo cha French, kilichoanzishwa na Charrière, fundi wa vifaa vya tiba wa Paris katika karne ya 19, kila namba moja ni theluthi ya milimita. Sindano ya geji 18 ina kipenyo cha nje cha milimita 1.27 tu, na katika mfumo huo wa geji namba inavyopanda ndivyo sindano inavyozidi kuwa nyembamba. Nje ya wodi, mwashi anayeulizwa kimo cha baraza ya zahanati hujibu "kumi na nane" bila kuongeza neno, naye ana maana ya inchi. Watu hawa huelewana na wenzao kwa sababu wamefanya kazi moja kwa miaka mingi. Kompyuta haikukaa nao.

Makala haya yanaeleza namna ya kuweka vizio vya vipimo katika programu za kuchorea kwa kompyuta, yaani programu zinazotumika kuchora majengo, vifaa vya tiba, viungo bandia na mifano ya mifupa. Kizio ni kiasi kilichokubaliwa ambacho kwacho tunapima: milimita, inchi, nyuzi. Yamekusudiwa wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba na wa viungo bandia, pamoja na wasimamizi wa vituo vya afya ambao huletewa michoro waipitishe. Mifano mingi inatoka katika AutoCAD, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 na ambayo hufundishwa katika vyuo vingi vya ufundi. Hata hivyo, hoja ni ileile kwa anayetumia LibreCAD au FreeCAD, ambazo hupatikana bila malipo.

Kompyuta huhifadhi nini?

Mchoraji akichora mstari na kuandika 5486, programu ya AutoCAD huhifadhi namba 5486. Haihifadhi milimita, wala inchi, wala mita. Ndani ya faili mstari ule una urefu wa vizio vya mchoro 5486, na kizio kimoja cha mchoro ni chochote kile ambacho mchoraji amekusudia. Jambo hili huwashangaza wanaoanza kujifunza, kwa sababu wamezoea kudhani kwamba mashine inayojua kukokotoa hadi tarakimu ya kumi na tano inajua pia inakokotoa nini.

Tuchukue mfano ambao tutarudi kwake mara kadhaa. Zahanati ina ngazi tatu mlangoni, kila moja inchi 6, kwa hiyo kimo chote ni inchi 18. Uongozi unataka kujenga njia ya mteremko kwa ajili ya viti mwendo, kwa uwiano unaotumika sana wa 1 kwa 12: kila kizio kimoja cha kupanda kinahitaji vizio 12 vya kwenda mbele. Inchi 18 mara 12 ni inchi 216, nazo ni futi 18. Kwa milimita, kimo ni 457.2 na urefu wa mlalo ni 5486.4, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Uhusiano huo si wa kukadiria. Ulikubaliwa mwaka 1959 kati ya Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola, na tangu hapo inchi yenyewe imekuwa ikielezwa kwa kipimo cha metriki.

Sasa angalia hatari ilipo. Mchoraji mmoja akichora pembetatu hiyo kwa inchi, akaandika 18 na 216, na mwingine akaichora kwa milimita, akaandika 457.2 na 5486.4, michoro yote miwili itaonekana sawasawa kwenye kioo. Mteremko ni uleule, pembe ni ileile. Umbo halisemi ukubwa. Mtu anaweza kuukagua mchoro kwa saa nzima, akaridhika na kila kona, na asigundue kwamba fundi atakayesoma 18 kama sentimita atajenga kitu kingine kabisa.

Kabla ya mstari wa kwanza

Wakati mwafaka wa kutangaza kizio ni kabla ya kuchora chochote, na tangazo la kwanza ni kiolezo. AutoCAD inapoanzisha mchoro mpya huuliza kiolezo kipi kitumike. Kile kinachoitwa acad.dwt kimeandaliwa kwa inchi; acadiso.dwt kimeandaliwa kwa milimita. Anayefanya kazi Afrika Mashariki achague cha pili, isipokuwa ana sababu mahususi. Violezo hivi hutofautiana pia katika mambo madogo ambayo mtu hayaoni mapema, kama mistari ya vipande na mapambo ya kujaza ukuta. Mistari ya vipande inapoonekana kama imeunganika, mara nyingi chanzo ni kiolezo kisicho sahihi.

Kisha andika amri ya UNITS. Kisanduku kitakachofunguka kina sehemu chache, na kila moja inafanya kazi tofauti na nyingine, jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka mno.

Sehemu iliyoandikwa Length inahusu namna namba zinavyoandikwa tu. Chagua Decimal kwa kazi ya metriki. Chaguo la Architectural na la Engineering huandika namba kwa futi na inchi, na yote mawili huchukulia kwamba kizio kimoja cha mchoro ni inchi moja. Ukichora njia yetu ya mteremko kwa milimita halafu ukageuza mwandiko kuwa Architectural, programu itakuambia bila haya kwamba njia ina urefu wa futi 457 na inchi 2. Hakuna kilichoharibika katika mchoro; umeisomea namba lugha ambayo haikuandikwa kwayo.

Sehemu ya Insertion scale ndiyo inayotangaza kizio chenyewe. Hapa chagua Millimeters. Tangazo hili hutumika pale unapoingiza katika mchoro wako kitu kilichochorwa kwingine, kwa mfano kitanda cha wodi, sinki au kiti mwendo kutoka maktaba ya michoro. Kiti mwendo kilichochorwa kwa inchi chenye upana wa 26, kikiwa kimetangazwa kuwa cha inchi, kitaingia katika mchoro wako wa milimita kikiwa na upana wa 660.4, kama inavyotakiwa. Kama hakikutangazwa, programu itakisia kwa kufuata mpangilio wake wa awali, na huenda ukapata kiti chenye upana wa milimita 26, kinachotosha ndani ya kiberiti.

Kosa linalojirudia zaidi darasani ni hili: mwanafunzi amechora nusu ya jengo kwa inchi, anagundua, anafungua UNITS, anabadili Insertion scale kuwa milimita, anafunga kisanduku na kuendelea akiamini kwamba amerekebisha. Hakurekebisha. Tangazo jipya halikuigusa mistari iliyokwisha kuchorwa. Ukuta wa inchi 144 sasa unaitwa ukuta wa milimita 144. Ili kuubadili, ni lazima kuukuza mchoro wote kwa amri ya SCALE, kuanzia nukta 0,0, kwa kipeo cha 25.4. Kutoka milimita kwenda mita kipeo ni 0.001, na kutoka sentimita kwenda milimita ni 10.

Ipo njia nyingine ya mkato ambayo naomba msomaji aikatae kila aikutapo. Katika mtindo wa kuandika vipimo kuna kipeo kinachoweza kuzidisha namba zinazoandikwa juu ya mishale bila kubadili mistari yenyewe. Mtu akiweka 25.4 hapo, mchoro wa inchi utaonyesha milimita, na kila kitu kitaonekana safi kwenye karatasi. Ni sawa na kusahihisha joto la mgonjwa kwenye cheti badala ya kumtibu homa. Siku faili itakapopelekwa kwenye mashine ya kukata au printa ya 3D, mashine haisomi maandishi ya juu ya mishale, inafuata mistari.

Katika LibreCAD kizio huwekwa kwenye mapendeleo ya mchoro ulio wazi. FreeCAD yenyewe huhifadhi kila urefu kwa milimita na kugeuza wakati wa kuonyesha tu, kwa hiyo ndani yake unaweza kuandika 18 in na ikakubali. Kwa anayeanza, hilo ni faraja kubwa.

Neno moja kuhusu sentimita. Katika kliniki ya viungo bandia mzingo wa mguu hupimwa kwa sentimita, na tepu nyingi zina inchi upande wa pili. Katika karakana michoro hufanywa kwa milimita. Mpaka kati ya vyumba hivyo viwili ndipo kosa la mara kumi linapozaliwa, na wakati mwingine la inchi pale tepu inapogeuka mkononi. Rai yangu ni kwamba fomu ya vipimo ichapwe ikiwa na neno "sentimita" kando ya kila kisanduku, na mchoraji azidishe kwa kumi mwenyewe, kwa kalamu, mbele ya macho yake. Kuiachia programu ikisie ni kuokoa sekunde chache tu.

Nafasi za desimali na pembe

Sehemu ya Precision nayo hueleweka vibaya. Huamua tarakimu ngapi zionyeshwe, wala haibadili kilichohifadhiwa. Ukiweka sifuri, mstari wa 457.2 utaonyeshwa kama 457, lakini ndani bado ni 457.2. Madhara huja pale mtu mwingine anaposoma namba iliyofupishwa na kuichora upya.

Pembe inaonyesha hili vizuri zaidi. Mteremko wa 1 kwa 12 una pembe ya nyuzi 4.76. Programu iliyowekwa bila desimali itaonyesha nyuzi 5. Fundi akichukua hizo 5 na kupandisha hadi kimo kilekile cha milimita 457.2, njia yake itakuwa na urefu wa takribani milimita 5226 badala ya 5486. Sentimita 26 zimepotea, na mteremko umekuwa mkali kuliko ule uliokubaliwa. Anayelipia sentimita hizo ni mtu anayejisukuma kwa mikono yake mwenyewe kwenda kuchukua dawa.

Programu nyingi huanza kuhesabu pembe kutoka mashariki, yaani upande wa kulia wa kioo, na kuzungusha kinyume cha saa. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima tofauti: goti lililonyooka ni nyuzi 0, na mkunjo huhesabiwa kuanzia hapo. Anayechora kifundo cha mguu bandia kutokana na vipimo vya goniomita lazima aandike kwenye mchoro sifuri yake iko wapi. Pia ahakikishe sehemu ya Angle inasoma nyuzi za desimali. Ikiwa imewekwa kwa radiani, 4.76 inakuwa karibu nyuzi 273, na njia yetu ya mteremko itaelekea ardhini kama kisima.

Uwiano hutaja kosa

Wahudumu wa afya wamezoea kutambua ugonjwa kwa dalili. Makosa ya vizio nayo yana dalili, na jambo la kupendeza ni kwamba hayako mengi. Chukua kitu kimoja katika mchoro ambacho ukubwa wake halisi unaujua kwa hakika, kipime kwa amri ya DIST, kisha gawanya namba kubwa kwa ndogo.

Ukipata 25.4, inchi na milimita zimebadilishana nafasi. Ukipata 2.54, ni inchi na sentimita. Kumi ni sentimita na milimita, elfu moja ni mita na milimita, 304.8 ni futi na milimita. 12 ni futi na inchi. Kwa pembe, 57.3 ni nyuzi na radiani. Kila mojawapo ina dawa yake: kuza au punguza kwa kipeo hichohicho kamili.

Ukipata namba nyingine yoyote, kwa mfano 24.9 au 1.03, usikuze chochote. Hakuna vizio viwili vya kawaida vyenye uwiano huo. Tatizo liko kwingine: kipimo cha awali kilisomwa vibaya, au mtu aliyekutangulia alivuta umbo kwa kipanya hadi likaonekana limekaa sawa. Kosa la mara 25 hujitangaza lenyewe, kwa kuwa hakuna daktari atakayepokea taya la chini lenye ukubwa wa punje ya mahindi akalikubali. Linalopita bila kuonwa ni lile la asilimia tatu, na mara nyingi huletwa na mtu aliyejaribu kurekebisha kosa kubwa kwa kukadiria kwa jicho.

Faili zisizobeba kizio

Siku hizi baadhi ya hospitali hutengeneza mfano wa taya kwa printa ya 3D kabla ya upasuaji, ili bamba la chuma likunjwe juu ya mfano huo mapema na muda wa chumba cha upasuaji upungue. Chanzo cha mfano ni picha za CT. Katika faili za DICOM, ambazo ndizo lugha ya mashine za picha za tiba, umbali kati ya nukta na nukta huandikwa kwa milimita. Picha yenye nukta 512 iliyofunika eneo la milimita 250, kwa mfano, ina nukta zenye upana wa takriban milimita 0.488. Kizio kimo ndani ya faili.

Kinaweza kupotea njiani kwa namna mbili. Ya kwanza ni kupiga picha kioo kwa simu, au kuzigeuza picha za CT kuwa picha za kawaida ili zitumike kwa urahisi. Umbo linabaki, umbali wa nukta unatoweka. Picha ya namna hiyo inafaa kwa mazungumzo kati ya madaktari. Haifai hata kidogo kutengenezea mfano wa kupimia chuma.

Ya pili ni faili ya STL, ambayo ndiyo hupelekwa kwenye printa nyingi. STL huorodhesha pembetatu zinazofunika uso wa mfupa, na haina mahali popote pa kuandika kizio. Programu inayoifungua hukisia, na nyingi hukisia milimita. Mfano ukitoka kwenye programu inayofanya kazi kwa mita, kama Blender ilivyo katika mpangilio wake wa kawaida, utakuwa mdogo mara elfu. Muundo mpya zaidi wa 3MF hutaja kizio ndani yake, na pale printa inapoukubali ni bora kuutumia. Pale usipokubalika, andika kizio katika jina lenyewe la faili: taya_milimita.stl. Ni njia ya kizamani, lakini haijawahi kunipotosha.

Lipo pia kosa ambalo huathiri upande mmoja tu. Vipande vya CT vyenye unene wa milimita 1.25 vinaweza kupishana, kila kimoja kikianza milimita 0.625 baada ya kilichotangulia. Anayejaza fomu ya programu akaandika unene mahali pa umbali kati ya vipande atapata mfupa wenye upana sahihi na urefu mara mbili. Kwa hiyo mfano upimwe pande tatu, si upande mmoja.

Karatasi

Mchoro uliotunzwa vizuri hadi mwisho unaweza kuharibiwa na printa ya ofisi. Katika kisanduku cha kuchapa, chaguo la kutosheleza karatasi hupunguza mchoro ili uingie ndani ya pambizo. Kwa ramani ya jengo yenye vipimo vilivyoandikwa madhara ni madogo, kwani fundi husoma namba. Kwa kiolezo cha kukatia, madhara ni makubwa.

Fikiria soli ya ndani ya kiatu kwa mgonjwa wa kisukari. Wayo wake una urefu wa milimita 250, na kiolezo kimechapwa kwa asilimia 97. Soli itapungua milimita 7.5, na kile kiinuko kinachopaswa kukaa nyuma tu ya vichwa vya mifupa ya wayo, ili kuviondolea uzito, kitakaa mahali pasipo pake. Mtu mwenye hisia kamili angelalamika siku ya kwanza. Mguu uliokufa ganzi haulalamiki; kidonda ndicho hutoa taarifa, nacho hutoa kwa kuchelewa.

Kwa sababu hiyo chora katika kila kiolezo mstari wa milimita 100 pembeni, uandikwe urefu wake. Kabla ya kukata, pima mstari huo kwa rula. Ukisoma 97, tupa karatasi, ondoa chaguo la kutosheleza, chapa tena kwa ukubwa halisi. Mstari huo huingia pia katika nakala ya PDF inayotumwa kituo kingine, ambako hujui printa yao imewekwaje. Kwa mfano wa 3D, mchemraba wa milimita 20 uliochapwa kando ya mfupa hufanya kazi hiyohiyo.

Zoezi

1. Kitanda cha wodi chenye urefu wa milimita 2000 kinasomeka 78.74 katika mchoro. Kilichorwa kwa kizio gani?

2. Ukuta uliopimwa kwa tepu ukawa mita 3.6 unasomeka 11.81. Je, mchoro uko katika kizio gani, na ukuzwe kwa kipeo kipi ili uwe wa milimita?

3. Wayo wa milimita 260 umechorwa sawasawa. Kwenye karatasi, mstari wa uhakiki wa milimita 100 unapimika 96. Soli ikikatwa hivyo itakuwa na urefu gani?

4. Mfano wa mfupa wa paja wa mtu mzima unasomeka milimita 900, na upana wake katika pande zote mbili ni sahihi. Je, ukuzwe kwa 0.5?

Majibu: (1) Inchi, kwa kuwa 2000 kugawanya kwa 78.74 ni 25.4. (2) Futi, kipeo ni 304.8. (3) Milimita 249.6. (4) Hapana. Kosa la kizio hugusa pande zote tatu kwa kiasi kimoja. Hapa kagua kwanza umbali kati ya vipande vya CT ulioandikwa, kisha tengeneza mfano upya kutoka faili za DICOM.